Feni za kompyuta zinapanda na kushuka zenyewe: seti grafu kabla hujanunua kipoza kingine

Marahaba mdogo wangu. Picha umepiga vizuri sana, na zimenisaidia maana nusu ya jibu lako iko kwenye waya.

Kwa wengine watakaosoma, swali lake kwa ufupi ni hivi: yuko Tanga, anaediti video za harusi na kichenpati, kaunga kompyuta mwenyewe kwa vifaa vya Kariakoo. Prosesa ni Ryzen 5 5600 na kile kipoza kilichokuja nayo kwenye boksi, mazabodi ni Gigabyte ya B450, kadi ya grafiksi ni GTX 1660 Super, keisi ina feni tatu za taa mbele na moja nyuma. Anasema feni zinapanda zinashuka kama bodaboda inayopigwa resi hata akifungua WhatsApp tu, akiweka Silent joto linafika 88 wakati wa kurenda (kompyuta inapotengeneza video iliyokamilika), akiweka Full Speed kelele inamuamsha mtoto. Anauliza anunue kipoza kingine au kuna namna ya kuzitawala hizo feni.

Usinunue bado. Kifaa chako ni kizima, kinachokusumbua ni kwamba feni zinafuata kila mrusho mdogo wa joto badala ya kufuata joto lenyewe. Na feni zako nne za keisi kwa sasa hazitawaliwi na mtu yeyote, hilo nitakuonyesha hapo chini.

Kwanza ujue kwanini zinapanda na kushuka. Sensa ya prosesa iko ndani ya silikoni yenyewe, na kwenye 5600 kile kipande chenye koa zote sita (core, yaani vitengo vya kufanya kazi) kina ukubwa wa milimita za mraba 80 hivi, kadogo sana. Ukibonyeza kufungua kitu, koa moja inaruka mpaka GHz 4.4, joto la hapo linatoka 48 linagonga 62 ndani ya sekunde moja, alafu kazi inaisha linarudi 50. Sasa hilo joto halijafika hata kwenye hitisinki, ukigusa alumini ya kipoza utaikuta vilevile. Lakini BIOS, ile programu ya ndani ya mazabodi, imeona 62 ikaamuru feni ikimbie, ikaona 50 ikaamuru ipunguze, na ndo hiyo kelele ya kupanda na kushuka siku nzima bila faida yoyote maana hapakuwa na joto la kutolewa. Ryzen zote zina hii tabia, sio kwamba yako ni mbovu. Na sikio la mtu linazoea sauti iliyotulia haraka sana, kinachochosha na kumshtua mtoto ni ile inayobadilika badilika. Kwahiyo lengo letu sio feni ziwe taratibu kupita kiasi, lengo ni zitulie mahali pamoja kwa muda mrefu na zikipanda zipande polepole kwa sababu ya maana.

Tuje kwenye waya. Feni ya pini tatu ina waya wa hasi, waya wa volti 12, na waya wa kusoma mizunguko, ambao unatoa mapigo mawili kila feni ikizunguka mara moja, ndo BIOS inapata ile namba ya RPM (mizunguko kwa dakika). Ya pini nne inaongeza waya mmoja wa PWM, unaopeleka amri kwa kuwasha na kuzima ishara karibu mara elfu 25 kwa sekunde (ni juu ya uwezo wa sikio, ndo maana husikii mluzi). Feni ya pini nne inapewa volti 12 muda wote na inasikiliza amri kupitia huo waya wa nne. Ya pini tatu haina hilo sikio, njia pekee ya kuipunguza ni kuipunguzia volti. Hapa ndo watu wengi wanakwama: wanachomeka feni ya pini tatu kwenye soketi iliyosetiwa PWM, inaingia vizuri kabisa maana kile kibanzi cha plastiki kinaongoza, alafu inakimbia spidi ya mwisho saa zote na wanasema mazabodi mbovu. Sio mbovu, imesetiwa kuongea lugha ambayo feni haina waya wa kuisikia. Ukibadilisha kuwa Voltage inatii palepale.

Sasa angalia zako. Feni ya nyuma kwenye picha ya pili umeichomeka kwenye ile plagi kubwa ya moleksi inayotoka pawasaplai, yenye waya njano, nyeusi mbili na nyekundu. Hapo inakula volti 12 moja kwa moja, hakuna BIOS wala programu itakayoifikia. Itoe, ile ncha yake ndogo ya matundu matatu ichomeke SYS_FAN2, soketi ya feni ya keisi kwenye mazabodi. Zile tatu za mbele zina plagi za pini sita na zimeingia kwenye kaboksi keusi ka rimoti. Zile plagi za pini sita ni za mtengenezaji mwenyewe, haziingii kwenye mazabodi, usijaribu kuzikata uunge upya. Lakini tazama tena picha yako ya tatu, nyuma ya bamba la mazabodi: kuna waya mwembamba unatoka kwenye hako kaboksi, umekunjwa na kufungwa na tai ya plastiki, mwisho wake una ncha ya feni ya kawaida. Huo ndo waya wa amri, na aliyefunga keisi hakuuchomeka popote. Uchomeke SYS_FAN1 na kuanzia hapo kaboksi kanapokea amri ya mazabodi huku kakiendelea kuchukua umeme wake kutoka kwenye plagi ya SATA. Vile vitufe vya spidi kwenye rimoti viache, utumie vya taa tu.

Kabla ya kugusa chochote zima, geuza swichi ya pawasaplai nyuma, alafu bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja umeme uliobaki uishe. Na uwe makini na plagi za taa: za volti 5 zenye pini tatu na za volti 12 zenye pini nne zinafanana kwa mbali, ya volti 5 ukiilazimisha kwenye volti 12 taa zinakufa hapohapo na hazifufuki.

Jambo jingine kuhusu soketi, nyingi kwenye mazabodi za kawaida zinabeba ampea 1. Feni ya kawaida ya mm 120 kwenye stika yake utaona ampea 0.2 au 0.3, kwahiyo ukiwa na waya wa kugawa unaweza kufunga mbili au tatu kwenye soketi moja kwa usalama, ila soma stika zote ujumlishe, maana hizi feni za taa zisizo na jina nyingine zinakula zaidi. Kwako haina shida kwa kuwa kaboksi kana umeme wake.

Haya, waya zimekaa. Washa, gonga Delete mfululizo uingie BIOS, alafu F6 ikupeleke Smart Fan. Wenye ASUS wataikuta kwa jina la Q-Fan, ASRock wanaiita Fan-Tastic Tuning, MSI iko kwenye Hardware Monitor, mambo ni yaleyale. Juu chagua CPU_FAN (feni ya prosesa), Fan Speed Control weka Manual, Control Mode weka PWM maana kipoza cha AMD ni cha pini nne. Utaona grafu, chini joto, pembeni asilimia ya spidi, na vidoti unavyoviburuta.

Sasa kabla hujaburuta nisikilize hapa, maana ndo penye kosa kubwa la watu wa kwetu. Wengi wanaangalia video ya mtu wa Ulaya, anasema anza kupandisha feni kwenye 40, unaiga. Yule chumba chake kina nyuzi 21. Wewe Tanga mwezi wa pili chumba kina 31 na pangaboi likizunguka, na pangaboi halipoozi hewa, linaisogeza tu. Joto la kipoza linahesabika kuanzia joto la chumba, chumba kikizidi kwa nyuzi 10 prosesa nayo inazidi kwa nyuzi 10 hizohizo, hakuna feni duniani itakayoshusha chini ya hewa inayoivuta. Kwahiyo kompyuta yako ikiwa imekaa tu iko 48 mpaka 52, na huo ndo uzima wake kwa Tanga, na grafu inayoanza kupanda kwenye 40 maana yake feni haitapumzika hata dakika moja. Grafu yako inabidi ianze mahali ambapo joto la kawaida la chumba chako linaishia.

Mimi ningeweka hivi: mpaka nyuzi 60 iwe mstari uliolala kwenye asilimia 40, ikifika 70 iwe 55, ikifika 80 iwe 75, na 87 iende 100. Angalia huo mstari uliolala ni mrefu makusudi, ile mirusho ya kufungua programu karibu yote inaishia ndani yake na feni haitikisiki sana. Alafu tafuta Temperature Interval, ipandishe kwenye namba ya juu inayokubali, maana yake feni isibadili spidi mpaka joto libadilike kwa nyuzi kadhaa. Mazabodi nyingine wana mpangilio wa sekunde badala ya nyuzi, yaani feni inachelewa kupanda na kushuka, nao uko sawa, weka muda mrefu unaoruhusiwa. Kuchelewa sekunde kadhaa hakuna madhara, hitisinki inachukua muda kupata moto, na prosesa ina kinga yake ndani isiyotegemea feni kabisa.

Watu wanaogopa kushusha spidi, wanahisi wakitoka 100 kuja 70 kompyuta itaungua. Hesabu ya feni iko hivi: hewa inapungua sawasawa na spidi, ukipunguza spidi asilimia 30 hewa inapungua asilimia 30. Lakini kelele inaanguka kwa kasi zaidi, kwa kukadiria spidi ikiwa nusu kelele inashuka desibeli 15 hivi, na kwa kutoka 100 kuja 70 unaokoa desibeli 7 au 8, hiyo ni tofauti ya kusikika waziwazi hata ukiwa sebuleni. Na joto linalopanda kwa kupoteza hiyo asilimia 30 ya mwisho mara nyingi ni nyuzi chache tu. Full Speed uliyokuwa unaweka ilikuwa inakuuzia hizo nyuzi chache kwa bei ya usingizi wa mtoto.

Feni za keisi sasa. SYS_FAN1 weka Auto kwanza uone kama RPM inabadilika, ikigoma jaribu PWM, alafu Voltage. SYS_FAN2 weka Voltage moja kwa moja. Lazima utafute chini yake iko wapi: shusha asilimia tano tano, subiri kidogo kila hatua, mpaka RPM isome 0. Kisha panda mpaka ianze kuzunguka yenyewe, ongeza tena tano, hapo ndo sakafu yako. Usichanganye ile inapozimikia na ile inapowakia, feni inahitaji nguvu zaidi kuanza kuliko kuendelea, na feni zinazotawaliwa kwa volti, nyingi hazianzi chini ya volti 5, ambayo ni kama asilimia 40. Ukiweka sakafu kwenye pale inapozimikia tu, siku utawasha kompyuta feni haizunguki na hutojua mpaka joto likupe taarifa.

Na usizifunge feni za keisi kwenye joto la prosesa. Kazi yake ni kubadilisha hewa ya ndani ya keisi, ambayo inapanda taratibu sana, na wewe ukirenda kwa kutumia kadi, prosesa inaweza kuwa kwenye 65 huku kadi iko 78 inatapika joto ndani ya keisi, feni za mbele zimelala hazina habari. Kwenye Temperature Input chagua System, au kama mazabodi yako ina PCIEX16 chagua hiyo maana sensa yake iko jirani na kadi. Weka grafu ya polepole kabisa, mpaka 40 iwe kwenye sakafu yako, 55 iwe asilimia 70.

Ukishasevu hapo kelele ya kupanda na kushuka itakuwa imeisha, na unaweza kuishia hapo. Ukitaka kwenda mbele, kwa Windows kuna programu ya bure inaitwa FanControl. Uzuri wake inasoma joto la kadi ya grafiksi, kitu ambacho BIOS haikisomi. Unatengeneza sensa ya wastani wa muda kwa prosesa, sema sekunde kumi, unaichanganya na joto la kadi kwa kuchukua lililo kubwa kati ya hayo mawili, alafu feni za keisi unazifunga hapo. Kwa mtu anayerenda hiyo ndo njia bora kuliko zote nilizotumia. Ila grafu ya BIOS iache ikiwa salama kwanza, kwa sababu programu isipowaka au Windows ikiganda, BIOS ndo inayobaki na usukani. Pia Defender ya Windows toka 2025 imekuwa ikipigia kelele matoleo ya zamani ya programu za aina hii kwa sababu ya draiva ya WinRing0, kwahiyo chukua toleo jipya kwa mtengenezaji mwenyewe, usichukue la kutumiwa kwenye flashi. Na usifungue programu mbili zinazotawala feni kwa pamoja, zitapokonyana amri. Wa Linux wao wana lm-sensors, unaanza na sensors-detect, kisha pwmconfig inakuzimia feni moja moja ujue ipi ni ipi, usiifanye ukiwa unarenda.

Kuhusu ile 88. AMD wameandika kikomo cha 5600 kuwa 90, ikifika hapo inajipunguza yenyewe, haiungui, ila muda wa kurenda unarefuka. Kabla ya kuongeza upepo punguza joto linalozalishwa. Kwenye BIOS ingia mpangilio wa Precision Boost Overdrive, tafuta Eco Mode uiweke 45W, au kama haipo weka PPT Limit (kikomo cha umeme wa prosesa) kwenye wati 60 hivi. Kwa kiwanda prosesa hii inaruhusiwa kuvuta wati 76, na zile za mwisho zinaleta joto jingi kwa kasi kidogo sana, kwahiyo utapoteza muda kidogo kwenye kurenda na joto litashuka kwa kiasi utakachokiona mwenyewe. Kwa mtu wa pwani naona hii ndo seti yenye faida kuliko zote, na haina gharama.

Usafi nao usiuache. Upepo wa Tanga una vumbi na chumvi na unyevu, vumbi likishika unyevu linaganda kwenye mapezi ya hitisinki kama blanketi na hakuna grafu itakayosaidia. Fungua kila baada ya miezi miwili mitatu, puliza kwa bloa, na unapopuliza shika feni kwa kidole isizunguke, maana upepo wa bloa unaizungusha kupita kiwango chake, unachosha bearingi, na mota ikizungushwa kwa nje inazalisha umeme kurudi kwenye mazabodi. Hakikisha pia feni tatu za mbele zinaingiza na ya nyuma inatoa: hewa inatokea upande wenye ile mikono ya plastiki inayoshika mota. Na keisi isogee kutoka ukutani, kwenye picha ya kwanza mgongo wake umegusa pazia kabisa.

Ukishafanya yote, renda video ndefu kweli kweli, nusu saa hivi, mchana wa jua, uangalie inatulia wapi. Ikitulia 80 kushuka, umemaliza. Ikiendelea kugonga 85 na Eco Mode ikiwa imewashwa, hapo nitakubali kwamba kile kipoza cha boksi kimezidiwa, na cha mnara chenye feni moja ya mm 120 kitatosha sana, usidanganywe na cha maji. Siku ya kubadilisha rendesha kompyuta kwanza mpaka ipate moto, zima, fungua skrubu, alafu kizungushe kipoza kushoto kulia mpaka kilegee ndo ukinyanyue, maana soketi ya AM4 inashika prosesa kwa pini tu, na pesti (ile ya kupitishia joto kati ya prosesa na kipoza) ikiwa imekauka ukivuta juu kwa nguvu prosesa inang'oka nayo na pini zinapinda. Vipoza hivyo vingi vina urefu wa mm 150 mpaka 160 na keisi nyingi za bei rahisi hazifungi kioo vikiwa ndani, kwahiyo chukua rula upime kutoka juu ya prosesa mpaka kwenye kioo kabla hujatoa hela.